Wa kuja na wenyeji: mafundisho ya nyumba moja ya makumbusho kule Paris

Kwetu Katanga kuna neno dogo ambalo watu hulisema bila kufikiri: "wa kuja". Mwenyeji ni yule ambaye wazee wake wamezikwa hapa. Wa kuja ni yule aliyeshuka kwenye gari la moshi. Neno lenyewe si tusi. Lakini kuna miaka ambapo lilitosha kumtoa mtu katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Mimi ninayewaandikia ni mtoto wa watu wa kuja. Babu yangu, tuliyemwita Kambo, alitoka Kasai akiwa kijana, akaja Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, kufanya kazi ya shaba. Mwaka 1993, mimi nikiwa bado mgongoni mwa mama, jamaa yetu yote ilipanda treni ya kurudi Kasai, inchi ambayo baba yangu hakupata kuiona tangu kuzaliwa kwake.

Ninaanza na habari hiyo kusudi mfahamu kwa macho gani nilitazama nyumba ninayotaka kuwasimulia. Nilipokuwa masomoni Ulaya, padri mmoja rafiki yangu alinipeleka Paris kuona nyumba ya makumbusho ya historia ya wahamiaji, maana yake ya wale wote walioingia Ufaransa kutoka inchi nyingine kutafuta kazi ao kimbilio. Nilidhani nitakaa humo saa moja. Nilikaa mchana kutwa, na kesho yake nilirudi.

1. Ukuta wa nje

Nyumba hiyo iko upande wa mashariki wa Paris, mahali paitwapo Porte Dorée, karibu na pori la Vincennes. Kabla ya kuingia, yafaa kusimama kwanza mbele yake na kuitazama. Ukuta mzima wa mbele umechongwa sanamu, zaidi ya meta 1,000 za mraba, kazi ya fundi Alfred Janniot. Mwenye kuchora plani ya nyumba alikuwa Albert Laprade. Juu ya ukuta utaona tembo, mamba, nyoka na miti ya inchi za joto. Utaona watu weusi, Waarabu na watu wa Asia wakivuna, wakivua samaki, wakibeba mizigo. Majina ya mazao yameandikwa kando yao. Na vitu vyote hivyo vyaelekea mahali pamoja tu, kwenye mlango, ambapo mwanamke ameketi kama malkia. Huyo ni mfano wa utajiri na shibe, naye amezungukwa na majina ya bandari za Ufaransa, kama Marseille na Bordeaux.

Nilitafuta katika ukuta ule mtu mmoja aliyechoka, sikumwona. Nilitafuta fimbo ya kapita; sikuiona vilevile. Wote ni wazuri, wenye nguvu, na kimya. Kwenye ukuta wa pembeni mambo ni mengine: pale hakuna wachukuzi, ila majina ya Wafaransa waliopanua ufalme wa inchi yao ng'ambo ya bahari, na maneno ya shukrani ya taifa kwao. Basi, wenye kubeba hawana majina, na wenye majina hawabebi. Ukitaka kufahamu nyumba yote, kumbuka neno hilo.

Kwa nini ukuta wa namna hiyo? Kwa sababu nyumba haikujengwa kwa ajili ya wahamiaji. Ilijengwa kwa Maonyesho makubwa ya makoloni ya mwaka 1931, yaliyoongozwa na Jemadari Lyautey. Maonyesho yalifunguliwa mwezi wa Mei, yakafungwa mwezi wa Novemba, na tiketi milioni 33 hivi ziliuzwa. Kila koloni ilikuwa na nyumba yake porini Vincennes. Serikali nyingine za Ulaya zilialikwa pia, na Ubelgiji ilijenga pale nyumba ya Kongo yetu, kazi ya fundi Henry Lacoste. Wakati uleule, upande mwingine wa mji, watu zaidi ya mia moja wa Nouvelle-Calédonie walionyeshwa kwa watazamaji kama washenzi wala watu, hali wengine wao walijua kusoma na kuandika, na walikuwa wakristu kama wale waliolipa franga kuwatazama.

Maonyesho yalikwisha, nyumba ikabaki. Tangu hapo imebadilisha jina mara nyingi. Ilikuwa kwanza nyumba ya makoloni. Mwaka 1935 iliitwa ya Ufaransa wa ng'ambo. Mwaka 1960, makoloni yalipokuwa yakijitawala, iliitwa nyumba ya sanaa za Afrika na za visiwa vya Pasifiki. Mwaka 2003 ilifungwa, na vitu vyake vikapelekwa katika makumbusho mapya ya quai Branly. Ndipo serikali ilipochagua nyumba hiyo tupu kuwa mahali pa historia ya wahamiaji, na milango ilifunguliwa tena tarehe 10 Oktoba 2007.

Haikufunguliwa kwa amani. Mwaka uleule serikali mpya ilikuwa imeunda wizara moja iliyounganisha katika jina lake mambo mawili: uhamiaji na utaifa wa Kifaransa. Wanahistoria wanane waliokuwa wakisaidia kuitengeneza nyumba walijiuzulu vyeo vyao humo, kwa kuwa waliona ya kuwa kuyaweka maneno hayo mawili pamoja ni kusema kwamba mgeni ni hatari kwa taifa. Siku ya kufungua, Rais wa inchi hakufika. Ilingoja hata Desemba 2014 ndipo Rais mwingine, François Hollande, alipokuja kuifungua kwa heshima ya serikali. Nyumba ya wageni yenyewe ilikaa miaka saba kama mgeni asiyepokelewa.

2. Mwaka 1685

Maonyesho ya ndani yalitengenezwa upya na kufunguliwa Juni 2023. Yafuata mfululizo wa miaka, na mwaka wa kwanza ni 1685. Nilishangaa. Nilingojea kuona viwanda na treni. Nikakutana na mfalme Louis wa Kumi na Nne.

Mwaka ule mfalme huyo alitia mkono katika sheria mbili. Moja, ya mwezi wa Oktoba, iliondoa ruhusa ya Waprotestanti ya kusali kwa namna yao. Zaidi ya watu laki moja walitoroka, wakaenda Uholanzi, Uingereza, Ujerumani, na wengine hata Afrika ya Kusini. Sheria nyingine, ya mwezi wa Machi, ilikuwa juu ya watumwa weusi katika visiwa. Iliagiza watumwa wabatizwe na kufundishwa dini katoliki. Na iliwahesabu watumwa haohao kuwa mali ya bwana, kama meza ao kitanda.

Ndugu waseminari, someni sheria hizo mbili pamoja. Mfalme mmoja, mwaka mmoja, kwa jina la dini yetu: huku anawafukuza wabatizwa kwa kuwa hawasali kama yeye, kule anaagiza watu wabatizwe na kubaki katika minyororo. Tukifundisha historia ya Eklezya, tusiruke ukurasa huo. Mkristu asiyejua ubaya uliofanywa kwa jina la imani yake hataweza kuuzuia utakapokuja tena na nguo nyingine.

3. Wabelgiji wa Roubaix na Waitalia wa Aigues-Mortes

Chumba kwa chumba, niliona watu walioingia katika karne ya kumi na tisa. Mwaka 1851 serikali ya Ufaransa iliwahesabu wageni mara ya kwanza: walikuwa karibu 380,000. Na wageni waliokuwa wengi kupita wote ni akina nani? Ni Wabelgiji.

Nilicheka peke yangu, na watu walinitazama. Wazee wetu walimjua Mbelgiji kama mtu wa kofia nyeupe anayeamuru. Hapa niliona Mbelgiji mwingine: mkulima maskini wa Flandria anayevuka mpaka kwa miguu kutafuta kazi katika viwanda vya nguo. Mwaka 1872, katika mji wa Roubaix, zaidi ya nusu ya wakaaji walikuwa Wabelgiji. Walikubali mshahara mdogo, na kwa hiyo Wafaransa waliwachukia na kuwacheka hata kwa siagi waliyotoka nayo kwao. Walisema hawa wanatunyang'anya kazi, hawa ni wachafu, hawa waende kwao. Basi, maneno yaleyale tunayoyasikia kwetu yalisemwa kwanza juu ya baba na ndugu za wale waliokuja kututawala. Sisemi hivyo kwa kulipiza. Nasema kwa sababu yaponya: hakuna taifa lililoumbwa kuwa bwana, wala taifa lililoumbwa kuwa la kuja.

Kisha walifuata Waitalia. Katika mashamba ya chumvi ya Aigues-Mortes, kusini ya Ufaransa, mwezi wa Agosti 1893, wafanyakazi Wafaransa waliwashambulia wenzao Waitalia kwa fimbo na mawe. Serikali ilihesabu Waitalia wanane waliokufa. Washtakiwa walipelekwa mbele ya hukumu kule Angoulême, na wote waliachiliwa huru. Nilisoma habari hiyo mara mbili. Karibu na vitu vya Waitalia kuna mwiko wa mwashi, chombo cha chuma kilicholika kwa kazi. Mwana wa mwashi huyo alikuwa mwandishi wa vitabu kwa Kifaransa, naye alitoa mwiko wa baba yake uwekwe katika nyumba hii. Kwa kizazi kimoja tu, mwiko uligeuka kalamu. Hapo sheria nayo ilikuwa imesaidia, maana tangu 1889 mtoto wa wageni aliyezaliwa na kukua Ufaransa aliweza kuhesabiwa kuwa Mfaransa. Sheria hiyo haikutoka katika huruma peke yake. Jeshi lilitaka vijana. Lakini ilisaidia.

4. Makaa na shaba

Sasa nafika mahali nilipokaa zaidi.

Vita ya 1914–1918 iliwaua askari wa Ufaransa karibu milioni moja na laki nne. Mashimo ya makaa ya kaskazini yalikuwa yameharibika, na watu wa kuchimba walikosekana. Mwezi wa Septemba 1919 Ufaransa ilifanya mkataba na Polonia wa kuwaandika wafanyakazi. Walikuja kwa treni, vijana kwanza, kisha wake na watoto. Walikaa katika nyumba za kambi zilizo sawasawa, safu kwa safu, mali ya kampuni. Walikuja na mapadri wao, na vyama vyao vya dini, na muziki wao. Mwaka 1931 Wapolonia katika Ufaransa walikuwa karibu laki tano. Wageni wote pamoja walikuwa karibu milioni mbili na laki saba. Angalieni mwaka huo: ni ule wa Maonyesho. Wakati watu walipokuwa wakisukumana Vincennes kuona watu wa mbali, watu wa mbali walikuwa chini ya miguu yao, shimoni, wakiwachimbia makaa ya kuota moto. Hao hakuna aliyelipa tiketi kuwatazama.

Kisha mali ikapungua katika dunia nzima. Agosti 1932 ilitoka sheria ya kupunguza hesabu ya wafanyakazi wageni. Miaka ya 1934 na 1935 treni nyingi ziliwarudisha Wapolonia kwao, pamoja na watoto waliozaliwa Ufaransa na waliosema Kifaransa shuleni.

Wapenzi ndugu, mfanyakazi wa Katanga hahitaji mtu amfasirie habari hiyo. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli ya kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910. Watu wa kuchimba hawakutosha. Wakaandikwa watu wa Rhodesia ya Kaskazini, wa Lomami, wa Kasai, wa Ruanda-Urundi. Mwaka 1928 reli ya Katanga ilifika Port-Francqui, yaani Ilebo, na njia ya watu wa Kasai ikawa nyepesi. Nao walikaa katika kambi za nyumba sawasawa, safu kwa safu. Nao walipewa posho, walijengewa shule na kanisa. Watoto wao walizaliwa kambini na kusema Kiswahili kuliko lugha ya mama. Wahenga wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walipewa jembe siku ya kwanza, hata kabla ya kuonyeshwa mahali pa kulala.

Na kule kwetu pia, kazi ilipopungua na siasa ilipochafuka, treni ilirudi kuwachukua. Mwaka 1992 na 1993, katika jimbo lililoitwa bado Shaba, watu wa Kasai kwa mamia ya maelfu walifukuzwa katika nyumba zao na kazi zao. Wengi walilala masiku na majuma katika stesheni za Likasi na Kolwezi, chini ya mvua, wakingojea mabehewa. Watoto na wazee walikufa pale kwa magonjwa. Wengine walikufa njiani.

Katika kabati moja ya kioo kule Paris niliona sanduku la safari, la zamani, pembe zake zimeparuzika. Lilikuwa la kawaida kabisa. Mama yangu alikuwa na sanduku la bati, zawadi ya arusi yake, lililopakwa rangi ya kijani. Ndani yake mlikuwa na vitenge, picha za arusi, na karatasi za kazi za Kambo za miaka thelathini. Siku tulipopata nafasi katika behewa, watu walimwambia: chagua, sanduku ao mtoto, maana hakuna mahali pa vyote viwili. Aliliacha stesheni. Kila mara aliponisimulia habari hiyo alimalizia kwa kusema, "Ndiyo sababu wewe uwe mtu wa maana." Nilisimama mbele ya kioo, nikafikiri: kama sanduku lile lingekuwapo, lingewekwa wapi? Sisi hatuna kabati ya kulitia.

5. Kujua si kupokea

Tusidhani lakini kwamba kuwa na nyumba ya makumbusho kunatosha. Tarehe 7 Oktoba 2010 wafanyakazi karibu mia tano wasio na karatasi za kukaa Ufaransa waliingia katika nyumba hiihii ya Porte Dorée na kukataa kutoka. Walikuwa watu wa kazi, tena walilipa kodi. Walikuwa wameahidiwa, baada ya mgomo mrefu, ya kuwa karatasi zao zitaangaliwa, na waliona ahadi inachelewa. Walikaa humo hata mwisho wa Januari 2011. Kwa hiyo, kwa miezi karibu minne, wahamiaji wenye uhai walikaa katikati ya picha za wahamiaji waliokufa. Wa picha walikuwa wamekwisha kupata heshima. Wenye uhai walikuwa wakingoja muhuri.

Tangu habari hiyo najiuliza: je, si rahisi kumpenda mgeni wa zamani? Yeye hali tena mkate wetu. Hata manabii, Bwana wetu alitukumbusha, wana wa wale waliowaua ndio waliowajengea makaburi.

Eklezya ilikuwa wapi katika mambo hayo? Tuseme kweli yote. Mara nyingine ilisimama mahali pake. Mwaka 1983 vijana, watoto wa wahamiaji, walitembea kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris kudai usawa, kuanzia tarehe 15 Oktoba hata tarehe 3 Desemba. Katika waliowaongoza walikuwa Padri Christian Delorme na mchungaji Jean Costil. Walipoingia Paris walifuatwa na watu karibu laki moja. Mwaka 1996 watu karibu mia tatu, wengi wao kutoka Mali na Senegal, walikimbilia katika kanisa la Mtakatifu Bernardo kule Paris, na padri wa parokia aliwapokea. Tarehe 23 Agosti polisi walivunja mlango wa kanisa kwa mashoka na kuwatoa. Katika miaka mingine, na katika inchi nyingine, wakristu walifunga milango yao wenyewe, wala shoka halikuhitajiwa. Mwaka 1993, kati ya waliotufukuza na kati ya waliofukuzwa, wengi walikuwa wamepokea Komunyo kwenye meza moja.

6. Kanisa lililohama

Siku ya Mungu rafiki yangu alinipeleka nje kidogo ya Paris, Épinay-sur-Seine, kusoma Misa katika kanisa la Bibi Yetu wa Misioni. Nilipofika nilifahamu kwa nini alitaka nilione. Mwaka 1931, katika Maonyesho ya makoloni, misioni katoliki ilikuwa na nyumba yake pia, plani ya fundi Paul Tournon. Maonyesho yalipokwisha, sehemu yake ya mbele haikutupwa. Ilichukuliwa hadi Épinay, likajengwa nayo kanisa la parokia. Ukitazama paa la mbele, lakumbusha nyumba za Asia. Na juu ya mnara kuna sanamu za watu wa rangi mbalimbali.

Wale walioijenga walitaka kuonyesha kazi ya wamisionari walioenda mbali. Hawakuwa watu wabaya. Wengi wa wenzao walikufa kwa malaria kwa ajili yetu, na makaburi yao tunayo. Lakini waliijenga ndani ya Maonyesho yaleyale, karibu na ukuta uleule wa wachukuzi wasio na majina. Asubuhi ile ya Misa niliangalia watu waliojaa vitini: watu wa Antilles, wa Afrika ya Magharibi, wa Ureno, wa India, na Wakongo pia, mama mmoja akiwa na kitenge cha kwetu. Watu waliochongwa mnarani walikuwa wameshuka, wameingia kanisani, na sasa ndio wanaoimba, wanaosoma masomo, wanaofundisha katekisimu. Nyumba ya makoloni imekuwa nyumba ya wahamiaji. Nyumba ya misioni imekuwa parokia yao. Hakuna mtu aliyepanga hivyo mwaka 1931.

7. Kazi iliyo yetu

Papa Pio wa Kumi na Mbili alipoandika juu ya wahamiaji, tarehe 1 Agosti 1952, aliianza barua yake kwa kukumbusha Jamaa Takatifu ya Nazareti iliyokimbilia Misri, akaiweka kuwa mfano wa jamaa zote za wakimbizi. Maana yake, Yosefu alikuwa wa kuja. Bikira Maria alifunga mizigo usiku. Na siku ya hukumu, kama tunavyosoma katika Mateo, sura ya 25, Hakimu mwenyewe atasema kwamba alikuwa mgeni, naye atatuuliza tulifanya nini.

Ninaona kazi tatu, nazo hazihitaji franga nyingi.

Ya kwanza ni kuandika. Wazee waliokuja kwa mkataba wa kazi wamekwisha kufa karibu wote, na watoto wao ni wazee. Mseminari anapokwenda likizo, achukue daftari, aketi na mzee wa mtaa wake, wa kuja ao mwenyeji, amwulize: ulitoka wapi, nani alikupokea, ulikula nini siku ya kwanza? Tena amwulize mwenyeji: mlikuwa namna gani kabla ya wageni kuja, na mlipoteza nini? Maana wenyeji nao wana uchungu wao. Mashamba yao yalichukuliwa na migodi bila wao kuulizwa, na kazi nyingi nzuri zilipewa wengine. Mwenye kusimulia upande mmoja tu anachonga tena ukuta wa Porte Dorée.

Ya pili ni kulinda vitabu vya batizo. Katika parokia za kambi, vitabu hivyo ndiyo makumbusho yetu ya wahamiaji. Jina la mtoto, jina la baba na mama, mahali walipotoka, jina la msimamizi. Tusiache panya na mvua wavile. Padri anayepokea parokia avihesabu kwanza kabla ya kuhesabu viti.

Ya tatu ni kuchunga ulimi. Katekista asitumie neno "wa kuja" mbele ya watoto kama jina la kundi la watu. Na siku wakubwa wa siasa watakapolitumia kutafuta kura, tulikatae mimbarini, mapema, kabla treni haijaanza kupakia. Likisha kuingia stesheni, mahubiri huwa yamechelewa.

Niliporudi Kongo nilikwenda Likasi, nikaomba ruhusa ya kufungua vitabu vya zamani vya parokia tuliyobatiziwa. Padri wa parokia, kijana wa Katanga, alinisaidia kupangusa vumbi. Tulimpata Kambo: alibatizwa akiwa mtu mzima, na mahali alipotoka pameandikwa, kijiji cha Kasai. Nilitaka kufunga kitabu, lakini mwenzangu alitia kidole kwenye jina la msimamizi wake wa batizo. Lilikuwa jina la Kisanga, la mwenyeji.

Padri yule alilisoma mara mbili, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Huyu ni wa ukoo wa mama yangu."

Jina hilo hatukulijua nyumbani. Labda Kambo alitusimulia habari zake, nasi hatukusikiliza. Labda karatasi yake ilikuwa katika sanduku la kijani. Lakini mwenyeji mmoja alimshika bega mtu wa kuja mbele ya maji matakatifu na kujibu mbele ya Mungu kwa ajili yake. Hilo nalo ni historia ya Katanga. Tuliandika majina yote mawili kwenye karatasi moja, kila mmoja akachukua nakala yake.